Siku 60 za Ajira na Siku 305 Zinazobaki

Swali la kama msaada wa serikali unamsaidia anayeupokea kupata kazi limezaliwa katika nchi ambako mtu huamka akiwa na ajira au hana. Uingereza au Marekani, anayepokea posho huandikishwa ofisini, hupewa mshauri, hupelekwa kwenye mafunzo, na siku akipata mwajiri jina lake hutolewa kwenye orodha. Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hakuna orodha ya namna hiyo, na hata ingekuwepo isingetuambia mengi. Mlengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa Nkwenda au Nyaishozi yuko kazini tangu kabla ya jua kuchomoza. Anateka maji, anapalilia maharage ya mtu mwingine hadi saa sita mchana kwa ujira wa kibarua, anarudi kumenya ndizi, na jioni, mwanga ukiwa umebaki kidogo, ndipo anaingia kwenye kibanja chake mwenyewe kupogoa majani makavu ya migomba. Kumwuliza kama ana kazi ni karibu kumtukana. La kuuliza ni hili: kazi hiyo anaifanya katika shamba la nani, wiki gani ya msimu, na mazao yake yanaishia mkononi mwa nani. Hoja yangu ni kwamba mpango wa kunusuru kaya maskini hufanikiwa pale unapomrudishia mlengwa siku zake, na hukwama pale unapozinunua siku hizo kwa bei ndogo na kuziandika kuwa ajira.

Mpango wenyewe unajulikana. TASAF ilianza mwaka 2000 ikijenga madarasa, zahanati na visima. Agosti 2012, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na Februari 2020 Rais John Magufuli akazindua kipindi chake cha pili. Katika miaka michache ya mwanzo uliandikisha kaya takribani milioni 1.1, zikiwemo za wilaya hizi mbili ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Una mikono mitatu: fedha zinazohawilishwa kwa kaya, ajira za muda katika miradi ya kijiji, na ukuzaji wa uchumi wa kaya kupitia vikundi vya akiba, mafunzo na ruzuku ya uzalishaji. Mkono wa ajira za muda ndio unaofanana zaidi na mipango ya Ulaya ya kumtoa mtu kwenye posho na kumpeleka kazini. Kaya hutoa mtu mmoja mwenye nguvu, naye hufanya kazi siku 60 kwa mwaka. Kipindi cha kwanza ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kipindi cha pili ukapanda hadi 3,000. Ukizidisha, ni 138,000 kwa mwaka, kisha 180,000, yaani wastani wa shilingi 15,000 kwa mwezi ukizigawa kwa mwaka mzima.

Ujira huo uliwekwa chini kwa makusudi. Hoja ya waliouweka ni kwamba ujira ukizidi wa kibarua cha kawaida, wenye uwezo nao watakimbilia jembe la mradi na kumsukuma nje aliyekusudiwa. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ina gharama ambayo haionekani kwenye daftari la mahudhurio. Sogea karibu na eneo la kazi, tuseme barabara ya kijiji inayotengenezwa mteremkoni. Kila mmoja amepimiwa kipande chake. Kuna majembe, sururu na matoroli machache, na wengi wa waliopo ni wanawake. Anayemaliza kipande chake husainiwa na kuondoka. Kwa mtu wa mjini hii ni nusu siku tu. Kwa mwanamke mwenye watoto wanne na nusu ekari ya kibanja, hii ndiyo nusu siku yenye thamani, kwa sababu jembe huingia ardhini vizuri asubuhi, na mchana ni wa maji, kuni na chungu. Iwapo asubuhi hiyo iko katika wiki isiyo na kazi shambani, hajapoteza kitu. Iwapo iko wiki ambayo mvua ya vuli imeshuka na majirani wanafukia mbegu za maharage, amelipwa shilingi 3,000 kwa siku ambayo ingemzalishia chakula cha miezi.

Hapa ndipo mpango uliobuniwa kwa nchi nzima unapokutana na ardhi ya Kagera. Dodoma na Singida kuna msimu mmoja wa mvua, na baada ya mavuno huja miezi mirefu ambayo mikono haina la kufanya shambani na ghala linapungua. Huko ajira za muda zina pengo dhahiri la kuziba. Karagwe na Kyerwa mvua huja mara mbili, vuli kuanzia Septemba na masika kuanzia karibu na Machi, maharage hupandwa mara mbili, na kiangazi kirefu cha katikati ya mwaka, ambacho kwingine kingekuwa cha mapumziko, ndicho cha kuchuma na kuanika kahawa. Njaa na kazi havifuatani hapa kwa utaratibu mmoja. Kuna wiki ambazo kaya haina fedha kabisa na wakati huohuo ina kazi nyingi kuliko mikono. Maharage bado hayajakomaa, kahawa ingali mtini, na palizi haingoji. Kalenda ya mradi ikipangwa kwa kufuata mwaka wa bajeti, siku 60 zinaweza kuangukia palepale ambapo hazikutakiwa.

Wiki hizo za ukata ndizo zinazozaa butura. Kila mkulima wa kahawa Kagera anajua neno hilo: kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje changa, kwa mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei ambayo mwenye fedha ameitaja yeye. Viongozi wa mkoa na wa wilaya wameikemea mara nyingi, na ni kosa lenye kuchukuliwa hatua. Lakini tuitazame kwa jicho la ajira. Aliyeuza butura atapalilia mibuni yake, atachuma, atabeba magunia, na wakati wa mavuno kazi yote hiyo itakuwa ni ya kumlipa mkopeshaji. Yuko katika shamba lake, lakini amekuwa kibarua ndani yake. Anayetaka kukwepa butura kwa kusubiri malipo ya chama cha msingi cha ushirika anahitaji kitu cha kumvusha wiki kadhaa, na asipokuwa nacho kuna njia nyingine, ya kuivusha kahawa usiku kuelekea Uganda. Shilingi elfu chache zilizohawilishwa na kufika mwezi unaofaa zinaweza kuiokoa kahawa ya kaya nzima. Zikifika miezi miwili baadaye zinanunua sukari na kulipa deni, na hakuna takwimu ya ajira itakayoonyesha tofauti kati ya malipo hayo mawili. Ndiyo maana naona kuchelewa kwa malipo, jambo ambalo maofisa hulichukulia kama kero ya utaratibu, kuwa ndiko kunakoamua kama mpango umefanya kazi au haukufanya.

Ushahidi wa kitafiti unasemaje? Mpango wetu ulitanguliwa na majaribio katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambapo nusu ya vijiji ilichaguliwa kwa kura kuanza kupokea fedha mwaka 2010 na nusu nyingine ikasubiri. Waliopokea walijiunga zaidi na bima ya afya, watoto wao walimaliza darasa la saba kwa wingi zaidi, na kaya zikanunua mifugo, hasa mbuzi na kuku. Tathmini ya kitaifa iliyolinganisha hali ya 2015 na ya 2017 nayo iliona kaya zikila vizuri zaidi na kufuga zaidi. Katika yote hayo, habari kubwa si ya mtu kuajiriwa na mtu. Ni ya mbuzi. Na Karagwe mbuzi ana maana ambayo takwimu za kitaifa haziwezi kuieleza, kwa sababu kibanja cha migomba kinaishi kwa samadi. Kaya isiyo na mfugo huona mikungu ikipungua mwaka hadi mwaka, na mnyauko wa migomba uliobainika Kagera mwaka 2006 uliwakuta wenye migomba dhaifu hawana akiba ya kung'oa na kupanda upya. Mbuzi wawili wa mlengwa ni mbolea, na mbolea ni ndizi, na ndizi ni asubuhi ambazo hatalazimika kwenda kwa jirani kuomba kibarua cha kupata mlo wa jioni.

Kwa upande wa ajira za muda zenyewe, ushahidi ni mwembamba zaidi. Malawi, mpango wa aina hii uliopimwa kwa uangalifu haukuonyesha nafuu ya chakula kwa kaya zilizoshiriki, hata katika miezi ya njaa uliyokusudiwa kuiziba. Katika nchi tajiri, mapitio ya tafiti zaidi ya 200 za mipango ya kuwasaidia wasio na ajira yalionyesha matokeo ya karibu na sifuri mwaka wa kwanza, na yakaanza kuonekana baada ya miaka miwili au mitatu, hasa pale mtu alipofundishwa stadi. Kumpa mtu siku za kufanya kazi, peke yake, humwacha alipokuwa siku hizo zinapokwisha. Siku ya 61 anaamka mtu yuleyule, na jembe la mradi limerudishwa stoo.

Tofauti inaonekana mahali ambapo kaya ilipewa kitu cha kufanyia kazi. Bangladesh, katika vijiji 1,309, wanawake maskini kabisa walipewa ng'ombe pamoja na mafunzo na usimamizi wa karibu, na watafiti wakafuatilia siku zao. Kabla ya hapo walikuwa wakiokota vibarua vya mashambani na vya majumbani, vyenye kulipa kidogo na kukatika kila msimu unapoisha. Baada ya kupata mifugo walifanya kazi siku nyingi zaidi kwa mwaka, si chache, na kwa mpangilio. Mpango wa namna hiyo ulijaribiwa pia katika nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwemo, na mwaka mmoja baada ya misaada kukoma familia nyingi zilikuwa bado mbele ya wenzao. Kwa hiyo anayesema maskini hafanyi kazi kwa sababu anapewa fedha anapaswa kueleza kwa nini, alipopewa mali, alifanya kazi zaidi. Tafiti saba za kulinganisha katika nchi sita zilizochambuliwa pamoja mwaka 2017 nazo hazikuona dalili kwamba fedha za serikali zinawafanya watu wazima waache kazi.

Sitaki kuipamba njia hii kupita kiasi. Jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda wana funzo lisilopendeza masikioni. Huko vijana walijiunga katika vikundi, wakaandika maombi, na kila mmoja akapata kama dola 400 za kununua cherehani, vifaa vya useremala na ada ya mafunzo. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu ya wenzao wasiopata kwa asilimia 38, na ripoti zikasifiwa dunia nzima. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, wenzao walikuwa wamewafikia. Wengine husoma matokeo hayo kuwa fedha zilipotea. Mimi nayasoma hivi: ruzuku iliwavusha vijana hao miaka kadhaa mapema kufika mahali ambapo wenzao walifika kwa kuteseka. Kwa kaya ya Kyerwa yenye mtoto aliye darasa la tano, miaka hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atamaliza shule au ataishia kuchimba madini ya bati au kuendesha bodaboda ya mtu mwingine. Lakini ni kweli pia kwamba ruzuku ya mara moja haijengi soko, na fundi cherehani wa kumi katika kijiji kimoja hawezi kupata wateja kama wa kwanza.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka Kagera yenyewe, na wanaotetea mpango wanapaswa kulijibu kwa uaminifu. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizihoji kaya 915 za mkoa huu, za Karagwe zikiwemo, kisha wakawafuata watu walewale popote walipokuwa mwaka 2004 na tena 2010. Ni nadra sana Afrika kupata kumbukumbu ndefu kiasi hicho. Kufikia 2004 waliohama nje ya maeneo yao walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia kuliko waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana hata walipolinganishwa watu waliokulia nyumba moja. Mtu anaweza kusema basi: kama kuhama ndiko kunakoinua, kwa nini serikali ilipe watu kubaki? Jina la mlengwa limeandikwa kijijini, mkutano wa malipo uko kijijini, mradi wa barabara uko kijijini. Anayekwenda Mwanza kutafuta maisha anajiondoa mwenyewe.

Jibu langu si kwamba utafiti ule una kasoro. Ni kwamba kuhama hakuna mlango mmoja. Anayehama akiwa na nauli, na shangazi wa kufikia, na cheti cha kidato cha nne, hahami sawa na anayehama kwa sababu kibanja kimekwisha. Orodha ya walengwa ina mabibi wengi wanaolea wajukuu, wajane, na wagonjwa wa muda mrefu, watu ambao hawatakwenda Mwanza kwa mpango wowote. Kwa hao, kinachoweza kuhama ni kizazi kinachofuata, nacho huhama vizuri kikiwa kimesoma. Fedha zenye sharti la mahudhurio shuleni na kliniki zinafanya kazi hiyo kimyakimya, na hakuna atakayeziandika kwenye safu ya ajira kwa sababu matunda yake yataonekana miaka kumi baadaye, katika mji mwingine. Hata hivyo pingamizi linabaki na sehemu yake ya ukweli. Kama kaya ina kijana wa miaka 20 mwenye nguvu, kumfunga kwenye siku 60 za sururu kijijini ni matumizi mabaya ya ujana wake. Angefaa zaidi kupewa ada ya chuo cha ufundi na nauli.

Wapo pia wanaotaka masharti yawe makali, wakiamini kwamba bila kulazimishwa mtu hafanyi kazi. Nchi hii imewahi kulijaribu hilo. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, watu wasioweza kuonyesha kwamba wana ajira Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walirudi mjini, kwa sababu kilichowaleta mjini haukuwa uvivu bali mashamba yasiyolipa. Na Kagera yenyewe ina kumbukumbu ya zamani zaidi, ya nyarubanja, ambapo familia ililima ardhi miaka mingi huku ikimtumikia aliyemilikishwa ardhi hiyo na mtawala, hadi sheria ilipoufuta utaratibu huo miaka ya 1960. Watu waliorithi kumbukumbu hizo hawahitaji kufundishwa kufanya kazi. Hata soko la vibarua linashuhudia hivyo. Kwa miaka mingi watu wamevuka kutoka Burundi na Rwanda kuja kulima mashamba ya Karagwe na Kyerwa, na Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013 ilipowaondoa maelfu yao mikoani Kagera, Kigoma na Geita, kibarua kilikuwepo kwa aliyekitaka. Mlengwa aliyekifuata alipata ujira wa siku. Kibanja chake kilibaki bila samadi kama kilivyokuwa.

Barabara za kijiji, malambo na miti iliyopandwa milimani ni faida ya kweli, na anayebeba gunia la kahawa hadi chama cha msingi anaijua thamani ya daraja dogo. Nakubali pia kwamba ajira za muda zinafaa kwa mwenye nguvu asiye na ardhi, na wasio na ardhi wanaongezeka. Watu wa wilaya hizi walikuwa takribani 425,000 kwa sensa ya 2002 na zaidi ya 650,000 kwa ile ya 2012, na vibanja vinagawanywa kati ya wana mpaka vinakuwa vya kupimwa kwa hatua. Kwa wasio na ardhi, ujira unapaswa kuwa wa maana, na mradi wenyewe uwaachie kitu. Anayechimba bwawa apate zamu ya kumwagilia bustani ya mboga kando yake. Aliyeotesha miche ya kahawa kwa ajili ya kijiji aondoke na miche 100 ya kwake.

Yote haya yanategemea kinachoandikwa. Kwa sasa msimamizi wa mradi huandika jina, tarehe, kipande kilichokamilika na kiasi kinachodaiwa, na taarifa inayopanda wilayani, mkoani hadi makao makuu ni jumla ya siku zilizofanyiwa kazi na jumla ya shilingi zilizolipwa. Kaya ikifikiriwa kuwa imeinuka, inahitimu na kutolewa. Ingetosha kuongeza maswali machache kwenye daftari lilelile, yaulizwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kila msimu wa kupanda. Maharage yako yalipaliliwa kwa wakati? Ni siku ngapi mwezi uliopita ulilima kwa mwingine ili upate chakula cha siku hiyohiyo? Kahawa yako msimu huu umeivuna ikiwa ya kwako, au ilikwishauzwa ikiwa maua? Mtendaji wa kijiji anaweza kuyaandika kwa kalamu, na wanakamati wanaoishi na kaya hizo wanajua majibu kabla hata ya kuuliza. Kaya ambayo jibu lake kwa swali la mwisho ni kwamba kahawa ilikwishauzwa, haijahitimu, hata kama ina bati jipya juu ya nyumba.